Kifungu cha Ufahamu: Semei Kakungulu na Usemi wa Taarifa

Katika sehemu iliyotangulia tumeona kwamba usemi wa taarifa hufikisha maneno ya mtu kwa msikilizaji bila kuyanukuu. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa usemi huo mtupu. Mwanachuo akisome taratibu, huku akitenga vitenzi vinavyothibitisha jambo, kama vile alihamia na alifariki, na vile vinavyomwachia msimulizi mzigo wake, kama vile inasemekana na husimuliwa. Tofauti hiyo si ya sarufi pekee. Kuna mtu ambaye ilimkosesha ufalme.

Mataifa yote huwapamba waasisi wao. Nchini Marekani, vizazi vingi vya watoto vimefundishwa kwamba George Washington, alipokuwa mdogo, aliukata mti wa cheri wa baba yake kwa kishoka, kisha akaungama kwa sababu hakuweza kusema uongo. Kisa hicho kilitiwa na Mason Weems, mhubiri aliyekuwa pia mchuuzi wa vitabu, katika toleo la mwaka 1806 la kitabu chake, miaka 7 baada ya Washington kufariki, na hakijapata kuthibitishwa. Kwa hiyo hadithi ya kuwafundisha watoto kusema kweli, yenyewe haina kweli. Sisi tunaoishi kati ya Busia, Molo, Tororo na Mbale hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tunaye Kakungulu.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1868 huko Koki, ufalme mdogo uliopakana na Buganda. Alipokuwa kijana aliingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akasifika kwa kuwinda tembo. Masimulizi ya uwindaji yana tabia moja: tembo huzidi kuongezeka kila yanaporudiwa, na hakuna aliyebaki wa kuwahesabu. Lililo wazi ni kwamba alibatizwa, akawa Mprotestanti, akapigana katika vita vya dini vya Buganda, na akapanda cheo hadi akawa mshindani wa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda.

Mwezi wa Aprili mwaka 1899 alikuwapo Lango wakati Mwanga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, walipokamatwa. Masimulizi ya mashujaa hupenda kumpa mtu mmoja kazi ya wengi, lakini Kakungulu hakuwa peke yake: jeshi la Waingereza lilikuwapo, chini ya Kanali Evatt. Hata hivyo sifa yake ilienea, naye aliona kwamba mtu aliyesaidia kuwakamata wafalme wawili angestahili kuwa mfalme mmoja.

Mwaka huohuo aliwaongoza wafuasi wake kuingia katika nchi iliyoitwa Bukedi. Jina hilo lilitolewa na Waganda, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa nchi ya watu walio uchi. Wagwere, Wapadhola na Wateso hawakujiita hivyo. Alijenga ngome, akaweka makao yake Budaka, akawagawia maakida wake Waganda maeneo ya kutawala. Barabara zilichimbwa na miti ikapandwa kando yake. Waliochimba ni wenyeji, na hawakuombwa bali waliamriwa. Wengi walipoteza ng'ombe pia. Kiganda kikawa lugha ya utawala kwa watu wasiokizungumza nyumbani. Kwa sababu hiyo, anayemwita Kakungulu mwanzilishi na anayemwita mvamizi huenda wanasimulia siku ileile, mmoja akiwa mjukuu wa aliyetoa amri na mwingine mjukuu wa aliyeshika jembe.

Sasa tunafika penye kiini. Kakungulu alishikilia kwamba Sir Harry Johnston, kamishna maalumu aliyetumwa Uganda na serikali ya Uingereza, alimwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Aliliamini neno hilo, akaishi kama mfalme. Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901, na maafisa waliobaki hawakuitambua ahadi ya namna hiyo. Kama ingalikuwapo hati, Kakungulu angaliionyesha. Badala yake alikuwa na sentensi moja tu ya usemi wa taarifa, yaani alisema kwamba angenifanya kabaka, na sentensi hiyo haikuweza kusimama mbele ya serikali iliyotawala kwa karatasi. Mwaka 1902 aliondolewa Budaka, akapewa maili 20 za mraba huko Mbale. Alihamia huko na wafuasi wake, wakalima migomba, wakafungua njia, na makazi yao yakakua kuwa mji. Mwaka 1906 alihamishiwa Busoga kuongoza baraza la machifu, na mwaka 1913 alirudi Mbale akiwa amekata tamaa na Waingereza.

Aliporudi alijiunga na wafuasi wa Malaki Musajjakawa, waliokataa dawa za hospitali, akazidi kulisoma Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Husimuliwa kwamba alionywa kuwa tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba, ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Wengine husema aliyemwonya alikuwa Mzungu. Wengine husema ni wenzake wa dini ya Malaki. Mgisu wa Mbale akikisikia kisa hiki ana haki ya kucheka, maana mababu zake walikuwa wakitahiri vijana wao bila kumwomba ruhusa Myahudi wala Mzungu. Lakini nyuma ya kicheko pana jambo la kweli: Kakungulu alianzisha jumuiya ya Abayudaya, ambayo ingali inashika Sabato katika vijiji vya Mbale. Alifariki mwaka 1928. Ufalme alioahidiwa kwa maneno hakuupata. Jumuiya ambayo hakuna aliyemwahidi ndiyo iliyodumu.

Mwalimu atakayefundisha habari hizi asiwanyime wanafunzi vichekesho vyake, kwani hadithi isiyochekesha husahaulika. Bali asilidondoshe neno husimuliwa. Akilidondosha mara moja tu, mtoto atakwenda nyumbani na uvumi akidhani amepewa historia, naye atakapokuwa mwalimu ataupitisha kwa mwingine.

Mazoezi

1. Taja vitenzi vitatu katika kifungu vinavyoonyesha kwamba habari imepokewa kutoka kwa wengine.
2. Geuza ahadi ambayo Kakungulu alidai kupewa iwe katika usemi halisi. Eleza mabadiliko ya nafsi na ya wakati.
3. Eleza kazi ya viambishi -ngali- na -nge- kama vilivyotumika katika aya inayomtaja Johnston.
4. Waulize wazee wawili wa kwenu habari za mtu mmoja aliyeasisi kijiji au soko. Andika aya mbili kwa usemi wa taarifa: ya kwanza iwe ya mambo wanayokubaliana, ya pili iwe ya mambo wanayotofautiana.