Msiri wa Bunkeya na Ushahidi wa Chuma

Ukitoka Likasi kuelekea kaskazini utafika Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Garenganze. Aliyeujenga ni Ngelengwa, ambaye vitabu humwita Msiri na Wasanga humwita Mushidi. Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba, naye alijua njia ya Katanga.

Karibu mwaka 1856 Ngelengwa alikuja kukaa huku na wenzake. Walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki katika nchi ya pinde na mikuki. Kwa bunduki hizo aliwasaidia wakubwa wa Wasanga dhidi ya Waluba; kisha, hatua kwa hatua, akawatawala walewale waliomwomba msaada. Watu wake waliitwa Wayeke, jina la wawindaji wa tembo.

Pembe, shaba, chumvi na, tusifiche, watumwa walitoka. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia. Misafara ilikwenda mashariki kuelekea pwani ya Zanzibar na magharibi hadi Benguela. Kati ya wake zake alikuwa Maria da Fonseca, aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Angola.

Kiswahili kilizipa bunduki hizo majina kwa jinsi zinavyowashwa: ya mrao kwa utambi, ya gumegume kwa jiwe, ya fataki kwa kifuniko kidogo kinachogongwa. Zote tatu hushindiliwa kwa mdomo, na mwenyewe hupima baruti. Zilipokuja za kupakiwa nyuma ziliitwa bunduki za viasi, kwa kuwa kila kiasi kilikwisha kupimwa kiwandani kulingana na mtutu wake. Mwenye gobori anaweza kujitengenezea risasi kwa shaba au chuma. Mwenye bunduki ya viasi hana budi kumtegemea muuzaji.

Hata hivyo gobori bila baruti ni rungu tu. Hapo ndipo Msiri aliponaswa. Wasanga walipoasi, baruti yake ilikuwa imepungua. Mmisionari Arnot alikuwa amefika mwaka 1886. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kutafuta mkataba kwa niaba ya Waingereza, akarudi mikono mitupu. Tarehe 14 Desemba 1891 msafara wa Stairs uliingia Bunkeya kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Msiri alikataa kuwa chini ya bendera yake. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi akafa. Bodson naye alijeruhiwa na kufa. Mtoto wa Msiri, Mukanda Bantu, alishika ufalme kwa kukubaliana na Dola ya Leopold.

Leo mtu akikuonyesha gobori kuukuu na kukuambia kwamba ilikuwa ya Msiri, usibishe, wala usikubali upesi. Tazama mtutu karibu na mahali pa kuwashia. Bunduki nyingi za biashara zilitoka Liège, Ubelgiji. Huko kila mtutu ulijaribiwa kwa baruti kupita kawaida. Usipopasuka, uligongwa alama ya yai yenye herufi E, L, G na nyota. Mwaka 1893 juu ya alama hiyo iliongezwa taji. Basi mtutu wa Liège wenye taji ulijaribiwa baada ya Msiri kufa.

Umbo la zamani lisikudanganye. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia Waafrika kununua silaha za kisasa, lakini ukaacha mlango kwa gumegume. Ndiyo maana bunduki yenye sura ya babu inaweza kuwa na umri wa mjukuu.

Sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba neno moja laweza kufichua umri wa maandishi yote. Taji halimfanyi mzee aliyesimulia kuwa mwongo. Huenda bunduki ilikuwa ya Mukanda Bantu, na jina la baba likameza la mtoto. Tumwandike mzee kama alivyosema, na alama kama ilivyo.