Daktari Aliyejifunza kwa Nguruwe

Hebu niambie ukweli. Jirani yako hapo Sigalame akianza kuongea peke yake, mnasema amerogwa, ama amevuta kitu. Na ukisikia hospitali itampitishia umeme kichwani, unaona ni mateso tu. Basi mjue aliyeanzisha tiba hiyo.

Ugo Cerletti alizaliwa Italia mwaka wa 1877. Enzi zake, madaktari waliamini kwamba degedege linaweza kutuliza wazimu, wakalileta kwa sindano zilizowatia wagonjwa hofu kubwa. Cerletti alitaka kutumia umeme, ila aliogopa kuua mtu. Akaenda kichinjioni Roma, ambako nguruwe walipigwa umeme kichwani kabla ya kuchinjwa. Akagundua wasipochinjwa wanaamka na kutembea zao. Akapata moyo.

Aprili 1938, yeye na Lucio Bini walimjaribia mtu ambaye polisi walimkuta akirandaranda kwenye stesheni ya treni, maneno yake hayaeleweki. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Baada ya mshtuko wa kwanza akakataa wa pili. Wakaendelea tu. Mwishowe akapata nafuu, akarudi nyumbani, lakini baadaye ugonjwa ukamrudia.

Tiba ikaenea haraka. Wagonjwa wengi hawakupewa hata dawa ya usingizi, na wengine walivunjika mifupa. Cerletti mwenyewe hakuipenda hiyo mashine. Alihangaika miaka mingi akitafuta dawa kutoka kwa ubongo wa nguruwe waliopigwa umeme, ndiyo umeme uachwe kabisa. Alifariki mwaka wa 1963 bila kuupatia umeme mbadala.

Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza na misuli yake hulegezwa. Tena tangu miaka ya 1980, degedege likiwa fupi mno, kuna madaktari waliojaribu kumdunga mgonjwa kafeini. Ni ileile iliyo kwenye kahawa ya Mlima Elgon inayopita hapa Malaba ikienda Mombasa. Kafeini huizuia adenosini, kemikali ambayo ubongo hutumia kujituliza, kwa hivyo degedege hudumu zaidi bila kuongeza umeme. Lakini usikimbilie kikombe, bana: inaweza kuvuruga moyo, na hiyo ni kazi ya daktari.

Sasa huyo jirani yako. Usimcheke, usimfunge kamba. Mpeleke hospitali. Akitulia, hakikisha ameulizwa swali ambalo yule mtu wa stesheni hakuulizwa: je, umekubali?