Mo Amin: Mtoi wa Eastleigh Aliyefanya Dunia Nzima Igeuke Kuangalia

Wewe unayeshuti potreti za kisinema huko Kibera na Kawangware, hii story ni yako. Najua venye mambo huenda: mnasaka lenzi ya bei, mnakodisha taa, halafu picha inamwagiwa rangi ya chungwa na buluu kwa simu hadi ikae poster ya muvi. Iko fiti. Lakini kuna buda wa Nairobi aliyefanya hii kazi kabla simu ziwe na kamera, na miaka yake ya mwisho aliifanya na mkono mmoja. Jina lake Mohamed Amin. Wasee wa habari walimwita Mo.

Mo alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, familia yenye asili ya Punjab. Buda yake alifanya kazi ya reli, na mtoi akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mwanashule akajinunulia kamera ya Box Brownie, ya mtumba, kwa shilingi 40. Hiyo Brownie si kitu ya kuringa nayo. Ni kisanduku. Haina zoom, haina skrini ya kukuonyesha kama umepata ama umekosa. Ukitaka mtu aonekane, unatembea hadi alipo. Na filamu ni doo, so hushuti ovyo. Unangoja.

Hizo mbili, kukaribia na kungoja, ndizo zilimbeba Mo maisha yake yote.

Mwaka 1963, akiwa kijana tu wa kama miaka 20, akaanzisha kampuni yake, Camerapix, hapo Dar. Mwaka uliofuata mapinduzi yakalipuka Zanzibar na Mo akaenda kushuti. Lakini kisiwa hicho kilimgeuka baadaye. Mwaka 1966 alishikwa huko, akawekwa ndani karibu mwezi mzima na kuteswa. Wengi wangeuza kamera. Yeye alitoka, akarudi Nairobi na kuendelea.

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, Tom Mboya akapigwa risasi Government Road, barabara ambayo leo tunaita Moi Avenue. Mo alifika mbio na kurekodi Mboya akikimbizwa hospitali. Kazi ya siku hiyo ilimletea tuzo Uingereza. Lakini hebu fikiria hiyo nafasi: mji unalia, nawe umeshika kamera. Ukiishusha, hakuna atakayejua ilikuwaje. Ukiiinua, kuna mtu anakuona kama huna roho. Mo aliiinua kila mara.

Halafu ikaja Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Njaa ilikuwa inamaliza watu na dunia haikuwa na habari. Mo alienda huko na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk. Kama unataka kujua maana ya kisinema, tafuta hiyo video uiangalie polepole. Ni alfajiri, baridi, uwanda umejaa maelfu ya watu. Unaona ukubwa wa ile noma kwanza. Kisha kamera inashuka kwa mtu mmoja, halafu mwingine. Mama. Mtoto. Macho. Taa ni jua tu, na hakuna haraka. Umati ungekushtua ukasahau, lakini sura ya mtu mmoja haikuachilii.

BBC ilionyesha hiyo kazi tarehe 23 Oktoba 1984, na vituo vingi duniani vikaichukua. Bob Geldof aliiona akiwa kwake, akakusanya wanamuziki, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid likapigwa London na Philadelphia siku moja. Mamilioni ya dola yakachangwa. Yote yalianza na msee wa Nairobi na kamera begani.

Mwaka 1991 akiwa Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka. John Mathai, aliyekuwa akinasa sauti, akafa. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 akapanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kuja nyumbani. Watu watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175, 125 walikufa, Mo akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53.

Sasa, kuna kitu lazima tuongee bila kuficha. Zile picha za Korem ziliokoa watu, lakini pia ziliacha dunia ikidhani Afrika ni njaa peke yake. Na wengi wa wale walioonekana hatujui majina yao hadi leo. Wewe wa Kibera unaelewa hii maneno kuliko mtu yeyote. Umeona wageni wakishuka na kamera, wanapiga mtaro na mtoto mwenye kamasi, wanaishia. Huyo mtoto ana jina. Ana mathe. Pengine ana ndoto ya kuwa dere ama daktari.

Kuna mwingine aliyesoma maisha ya Mo na kuamua kushika kamera: Boniface Mwangi, aliyekuwa akihok mitaani. Alishuti ghasia za uchaguzi wa 2007, kisha kupitia Picha Mtaani akazirudisha hizo picha barabarani, ili wenyewe wazione. Hapo ndipo kazi ya Mo ilisongeshwa mbele.

So leo ukitoka kushuti, studio unayo tayari. Mlango wa keja ya mabati: simamisha mtu hatua moja ndani, nuru imguse upande mmoja, nyuma ibaki giza. Kawangware jioni, mama anayekaanga samaki, moshi na balbu moja: hakuna taa ya kukodisha itashinda hiyo. Lakini kabla ubonyeze, sema sasa. Uliza jina. Uliza kama amekubali. Akikataa, heshimu. Akikubali, karibia na ungoje hadi asahau kamera. Na ukimaliza, mtumie picha yake.

Rangi utaweka baadaye. Huyo mtu ndiye picha.