Mwenda Jean Bosco: gitare moja na urithi wa Bunkeya

Vijana wengi wa Luano na mitaa mingine ya Lubumbashi leo wanatengeneza muziki kwa kompyuta, na wengine wanatafuta namna ya kuingiza ndani ngoma za wahenga. Kumbe kuna mtu wa hapa hapa Katanga aliyefanya kazi hiyo zamani, na gitare moja tu. Ni muzee Mwenda Jean Bosco.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, makao ya wafalme wa Bayeke. Wahenga wao walitoka Usumbwa, Tanzania ya leo, katika karne ya 19, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Mfalme Msiri, aliyeuawa na watu wa Leopold mwaka wa 1891, aliitwa Mwenda, na waliomrithi kiti pia. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa mzigo mkubwa kwa kijana mwenye gitare.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bosco akampigia wimbo wa Masanga. Alitumia vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, lakini mtu akisikia anafikiri wapigaji ni wawili ao watatu. Gumba linashika mwendo wa chini, kidole kingine kinacheza juu yake, kila mara kinageuza kidogo, kama vile wapiga ngoma wanavyojibizana kijijini.

Sahani zake zilifika mbali. Mwisho wa miaka ya 1950 alikwenda kuishi Nairobi, akapata kipindi chake kwenye redio, na wapiga gitare wengi wa Kenya walijifunza kwake. Mwaka wa 1969 alipiga Newport, kule Marekani.

Lakini gitare peke yake haikulisha nyumba. Lubumbashi alifanya kazi ya banki, akafanya Gécamines, akaongoza vikundi vya muziki, tena akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wakati Mobutu alipokataza majina ya kikristo, Jean Bosco likawekwa pembeni. Yeye akajiita Mwenda wa Bayeke: jina la serikali likamrudisha kwao Bunkeya.

Mwaka wa 1988 alirekodi tena Cape Town. Miaka miwili nyuma yake, mwezi wa Septemba 1990, ajali ya gari ilimuua kule Zambia.

Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaokaa na gitare wakifuata vidole vyake, noti kwa noti. Hapa kwetu, wazee waliomwona akipiga wanapunguka kila mwaka. Kijana anayetafuta mizizi ya muziki wake asiende mbali: atafute Masanga kwanza, asikilize lile gumba.