John Snow na Maswali Yaliyopita

Katika nchi kadhaa, India ikiwa mojawapo, daktari anayetaka kuingia masomo ya juu hufanyiwa mtihani wa mchujo. Hujiandaa kwa kujibu maswali ya miaka iliyopita, yakiwamo ya nusukaputi, yaani dawa za kumlaza mgonjwa anayepasuliwa. Mwanafunzi wa darasa la saba wa Handeni au Korogwe hujiandaa vivyo hivyo. Sisi wakufunzi tunaokagua mazoezi ya kufundisha katika wilaya hizo mbili tumemwona mara nyingi: keshakariri kwamba jibu la swali la 12 ni C, lakini tarakimu zikibadilishwa tu, hana la kusema. Kwa ajili hiyo twaona yafaa kuwasimulia walimu wanafunzi maisha ya John Snow, tabibu Mwingereza aliyeifanya nusukaputi kuwa elimu.

Snow alizaliwa York tarehe 15 Machi 1813, mtoto wa kwanza wa kibarua mwenye watoto tisa. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kuwa mwanagenzi wa tabibu. Mwaka 1836 alikwenda London kusoma. Mwaka 1838 alifaulu mitihani ya kumruhusu kutibu, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London. Mitihani hiyo haikuweza kumwuliza habari za nusukaputi, kwa kuwa hospitali zilikuwa hazijaanza kuitumia.

Etha ilionyeshwa hadharani huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, na kabla ya mwaka kwisha ilikwisha kufika London. Matabibu wengi waliipokea kama jibu lililokaririwa. Walilowesha sponji, wakamvutisha mgonjwa. Asipolala, au akizidiwa, hawakujua sababu. Snow alikuwa amekwisha kuchunguza mambo ya pumzi. Alifahamu kwamba hewa ya joto hubeba mvuke mwingi wa etha kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo dawa ileile hubadilika nguvu kwa hali ya chumba. Mwezi Januari 1847 alitoa jedwali la jambo hilo, akaunda na chombo kilichozungukwa na maji ya halijoto maalumu. Kabla mwaka huo haujaisha alitoa kitabu kilichozipanga dalili za mgonjwa katika daraja tano.

Ikaja klorofomu, na mnamo Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, akafa karibu na Newcastle alipokuwa aking'olewa ukucha wa mguu. Wapo waliolaumu hofu au udhaifu wa wagonjwa wa namna hiyo. Snow alikusanya habari za kila kifo alichoweza kukipata: dawa ilikuwa kiasi gani, ilitolewaje, na kipi kilikoma kwanza, pumzi au moyo. Kisha alifanya majaribio kwa wanyama. Alibaini kwamba klorofomu ya kitambaani huweza kutoa mvuke mzito mno unaosimamisha moyo, akashauri usizidi takriban sehemu 5 katika 100 za hewa.

Hayo, kwa maoni yetu, ndiyo mazoezi ya maswali yaliyopita. Mtoto akikosea hesabu ya mapipa ya maji, asiambiwe tu jibu sahihi. Aulizwe amefikaje kwenye lile lake. Kisha ubadilishwe ujazo wa pipa, au apewe jibu, naye atunge swali. Kazi hiyo hula kipindi kizima kwa maswali mawili au matatu, na mwalimu mkuu mwenye haraka hatapendezwa.

Mwaka 1853, na tena mwaka 1857, Snow alimpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua. Uchunguzi wake wa kipindupindu na kisima cha Broad Street, mwaka 1854, ndio unaojulikana zaidi. Mwalimu wa Handeni, ambako maji ya bomba hutoka mbali mto Pangani, ataufahamu bila kuelezwa sana.

Alipatwa na kiharusi mwezi Juni 1858 akiwa anaandika kitabu chake juu ya klorofomu, akafariki tarehe 16 mwezi huo, na umri wake miaka 45. Kitabu kilitolewa mwaka uleule, na ndani yake mna habari za vifo 50, kila kimoja kimechambuliwa peke yake.