Euler na Namba ya Tarakimu Kumi

Wenzangu wa Makupa, hesabu ndefu ikikutisha, soma habari za Leonhard Euler.

Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Babake, kasisi, alitaka mwanawe naye awe kasisi, lakini kijana moyo wake ulikuwa kwenye hesabu. Akiwa na miaka 20 akaenda kufanya kazi St. Petersburg, Urusi.

Fermat, Mfaransa bingwa wa namba, alikuwa ameamini kuwa 4294967297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1732 Euler akaonyesha sivyo. Siri ni hii: namba tasa yoyote inayoigawanya hiyo, ukiigawa kwa 64 lazima ibaki 1. Basi jaribu 193, 257, 449, 577: wapi! Ya tano, 641, yaingia bila baki, mara 6700417.

Baadaye macho yalimharibikia. Mwaka 1772, karibu kipofu kabisa, alithibitisha kuwa 2147483647 ni tasa kweli. Alifariki mwaka 1783, na mpaka mwisho alikuwa akipiga hesabu.

Haya, shika kalamu uzidishe 641 kwa 6700417. Usiniamini mimi tu. Hata Fermat alikosea!