Jigoro Kano, mwalimu mfupi aliyewafundisha watu kuanguka

Ukitaja judo kwa watu wa rika langu hapa Mombasa, wengi watakujibu kwa kung fu. Tumekua na kanda za video za Wachina wanaoruka mapaa, tukadhani yote ni mamoja, mateke, ngumi na kelele. Judo si hayo. Judo ni mieleka: unamshika mtu nguo, unamyumbisha, unampiga mtama na kumlaza chini. Na aliyeiunda hakuwa mbabe wa mtaa. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu mfupi, mpenda vitabu. Namtaja leo kwa sababu ngeta zimezidi, vijana wanaulizana njia za kujikinga, na wazazi wanasita kuwapeleka watoto kujifunza wakihofia watageuka wahuni. Maisha ya Jigoro Kano yana majibu ya hofu hiyo.

Alizaliwa mwaka 1860 Mikage, mji wa pwani ambao leo umo ndani ya Kobe, nchini Japani. Ukoo wao ulijulikana kwa kutengeneza pombe ya mchele, ila babake hakushika kazi hiyo, alijishughulisha na mambo ya meli. Mamake alifariki Kano akiwa na miaka kama 10, na babake akamhamishia Tokyo asome. Darasani aliwapita wengi. Nje ya darasa ndiko kulikokuwa na taabu. Hata alipofikia utu uzima kimo chake kilikuwa kama sentimita 157, basi piga picha alivyokuwa katika bweni la wavulana wakubwa. Alionewa na kupigwa. Kila mzazi mwenye mtoto mdogo wa umbo anaijua habari hii bila kuhadithiwa.

Akasikia kwamba zamani kulikuwa na elimu ya jujutsu, ambayo mtu dhaifu anaweza kumwangusha mwenye nguvu. Shida ilikuwa kumpata wa kumfundisha. Utawala wa samurai ulikuwa umekwisha, Japani ilikuwa mbioni kuiga Uzungu, na jujutsu ilionekana mambo ya kishamba. Mabingwa waliobaki wengi wao walikuwa wakila kwa kazi ya kuunga mifupa. Kano, ambaye alikuwa amekwisha kuingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1877, akawa anawatafuta waunga mifupa mmoja baada ya mwingine na kuwauliza kama wajua jujutsu. Ndivyo alivyofika kwa mzee Fukuda Hachinosuke.

Mzee huyo hakuwa mtu wa maelezo. Kijana akiuliza mkono uwekwe wapi na mguu upite wapi, alirushwa chini. Akiuliza tena, alirushwa tena. Nadhani hapo ndipo mwalimu alipozaliwa ndani ya Kano, maana tangu siku hizo aliazimia kuifahamu sababu ya kila mtupo, asiishie kuukariri. Kulikuwa na mwenzake mmoja, pandikizi la mtu, ambaye hakuweza kumwangusha kwa lolote. Kano akaingia maktaba, akachambua vitabu vya mieleka ya Wazungu, akapata namna ya kumbeba mtu mabegani kama gunia la mchele na kumbwaga. Akaifanyia mazoezi kimyakimya, kisha akamwangusha yule pandikizi. Mtupo huo mpaka leo wafundishwa, jina lake kataguruma.

Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akasoma kwa mabingwa wengine wawili, na mwaka 1882, akiwa bado kijana wa miaka 21, akafungua chuo chake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Ukumbi ulikuwa wa mikeka 12 tu, ile minene ya Kijapani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa 9. Vishindo vya watu kuanguka vilitikisa hekalu mpaka wenyeji wakalalamika.

Nataka nikae kidogo juu ya alichokibadilisha, kwa sababu hapo ndipo penye faida kwetu. Jujutsu ya kale ilikuwa na mbinu za kuvunja viungo na kuua, na mazoezi yake yaliumiza watu ovyo. Kano aliziondoa mbinu za hatari katika mapambano ya mazoezi ili wanafunzi waweze kushindana kwa nguvu zao zote kila siku na kurudi nyumbani wazima. Mtu aliyezoea kushikana na mwenzake anayekataa kweli kuanguka ana ujuzi ambao aliyekariri mbinu mia hewani hana.

Jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi ni kuanguka. Kidevu kinaingizwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, mwili unakunjwa kama mpira, mkono mzima unapiga sakafu kugawa kishindo. Asiyejua hutanguliza kiganja, na kiganja ndicho kinachovunja kifundo. Kwa maoni yangu somo hili peke yake latosha kumpeleka mtoto judo. Wengi wetu hatutapigana maisha yetu yote, lakini sote tutateleza kwenye vigae vya msikitini siku ya mvua.

La pili ni kuyumbisha. Kano aligundua kwamba mtu aliyesimama imara hatupiki, hata awe mwembamba, lakini akivutwa nusu hatua nje ya mizani yake, mtoto anaweza kumwangusha. Akikusukuma, usimsukume, mvute. Akikuvuta, mfuate. Chukua ngeta, ambapo mkono unakuja kutoka nyuma na kukukaba koo. Asiyefundishwa hujikaza na kurudisha kichwa nyuma, na hapo anamaliza pumzi. Aliyefundishwa hushusha kidevu kulinda koo, huuvuta ule mkono chini kwa mikono yake yote miwili, hushusha kiuno chini ya uzito wa anayemkaba, kisha huinama na kumpitisha mgongoni. Hayo hayapatikani kwa kusoma makala, yataka miezi ya jasho na mwalimu. Na akija mtu na panga, simu mpe, kisha kimbia. Hakuna judo ya panga.

Kuhusu hofu ya uhuni, husimuliwa kwamba akirudi Japani kutoka safari ya Ulaya, melini alitokea Mrusi mwenye mwili mkubwa aliyemkejeli kwa ufupi wake. Kano alimtupa, lakini yule bwana akiwa hewani akamdaka kichwa asijigonge kwenye sitaha. Wanaosoma sira na kukijua kisa cha Rukana hawatashangaa kwamba mieleka na adabu zaweza kukaa pamoja.

Na mabinti? Kano alianza kuwafundisha wanawake tangu miaka ya 1890, na mwaka 1926 Kodokan ikawa na kitengo chao rasmi. Mwaka 1935 alimwalika Keiko Fukuda, mjukuu wa yule mzee wake wa kwanza, aje ajifunze. Kimo cha msichana huyo kilikuwa kama mita moja na nusu tu. Alifundisha judo mpaka uzeeni, akafariki San Francisco mwaka 2013 akiwa na miaka 99. Hapa kwetu ukumbi wa wanawake peke yao, wenye mwalimu wa kike, ungeondoa kisingizio cha mwisho, na sioni kwa nini tusiwe nao.

Kazi yake ya kila siku ilibaki ualimu. Kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kufundishia walimu mjini Tokyo. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1912 akaipeleka Japani kwenye Olimpiki ya Stockholm kwa mara ya kwanza, ikiwa na wanariadha wawili tu.

Safari yake ya mwisho ilimleta Afrika. Mwezi Machi 1938, akiwa na miaka 77, alikuwa Cairo kwenye mkutano wa kamati hiyo, akiitetea Tokyo isinyang'anywe michezo ya 1940, wakati jeshi la nchi yake lilikuwa vitani China na wajumbe wengi hawakuwa radhi. Tokyo ilibakishwa. Kano akarudi kwa njia ya Amerika, akapanda meli Hikawa Maru, akashikwa na homa ya mapafu na kufariki baharini tarehe 4 Mei, siku chache kabla ya kufika. Jeneza lake liliteremshwa Yokohama likiwa limefunikwa bendera ya Olimpiki. Miezi miwili baadaye serikali yake yenyewe ikairudisha ile michezo aliyoihangaikia.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo, na siku hizi inachezwa mpaka hapo Zanzibar kwa jirani zetu. Hikawa Maru bado imefungwa gatini Yokohama, na watu hulipa kiingilio kupanda na kuitazama.